Hazama ya Rebeka



Neno letu leo linatoka Mwanzo sura ya 24, nalo lahusu kitu ambacho makanisani mwetu hakitajwi ila kwa kukemewa, yaani pambo la puani.

Mtumishi wa Ibrahimu alifika kisimani na ngamia 10. Rebeka akampa maji yeye, kisha akawatekea ngamia wote hata wakatosheka. Wafugaji wa Isiolo na Garissa wanaotusikiliza wajua hiyo ni kazi ya namna gani! Ndipo yule mzee akatoa hazama ya dhahabu yenye uzani wa nusu shekeli, yapata gramu 6, akamtia puani. Vipini vingi vya binti zetu havifikii hata gramu 1. Na tuangalie kwamba hazama ilitolewa baada ya maji kutekwa. Mzee alikuwa amekwisha kumjua msichana kwa kazi yake na ukarimu wake.

Twaulizwa mara kwa mara: binti aliyetoboa pua aimbe katika kwaya? Apokee Meza ya Bwana? Wako waliokwisha kuondoka kanisani kwa sababu ya maswali hayo tu. Pwani, kipini ni pambo la akina mama tangu zamani, wala hakuna anayeshtuka. Bara ndiko tunakoshtuka. Ndugu wengi wa Uamsho, tangu miaka ya 1930, walivua mapambo yao kwa furaha ya wokovu, nasi twawaheshimu. Lakini kuvua kwa hiari ni jambo moja, na kuvuliwa mlangoni mwa kanisa ni jambo jingine. Katika Kutoka, sura ya 32, dhahabu ya masikioni ilifanywa ndama. Katika sura ya 35 watu wakaleta mapambo yao kwa moyo wa kupenda, yakatumika kwa hema ya Bwana. Dhahabu haikubadilika.

Basi, binti, kama umeazimu, zungumza kwanza na wazazi wako. Kisha usinunue kipini cha barabarani kilichopakwa rangi ya dhahabu. Rangi ikibanduka, nikeli iliyo ndani yaweza kuwasha ngozi na kuitoa malengelenge. Afadhali kidogo cha dhahabu halisi, karati 14 au 18, au cha titani, kuliko kikubwa cha bandia. Anza na kipini, si pete, kwa kuwa pete huzungukazunguka na kukichokoza kidonda. Anayekutoboa atumie sindano mpya, aifungue mbele ya macho yako. Sindano moja kwa wasichana watano ni njia ya homa ya ini na ya UKIMWI. Ile bunduki ya kutobolea masikio haifai puani. Kidonda huchukua miezi 4 hadi 6 kupona, pengine zaidi. Usibadilishe kipini kabla ya hapo, wala usikiguse kwa mikono michafu. Pua ikivimba, ikiwa na joto na usaha, nenda hospitali upesi, usingoje Jumapili uombewe tu.

Nanyi wazee wa kanisa, Jumapili ijayo mkimwona binti mwenye kipini ameketi nyuma karibu na mlango, msalimuni kwa jina lake, mkamwulize habari za nyumbani. Kwaya ina mazoezi Jumamosi saa nane, mwambieni aje.