Maji ya Meru na Jirani Zetu wa Bondeni

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Arusha)



Tumeombwa na Tume ya Haki na Amani tuseme machache juu ya maji. Bila shaka wengi wenu mlitazamia tuzungumzie mabomba ya mjini, ankara zake na siku ambazo hayatoi kitu. Tutayagusa. Lakini tumeona vema tuanzie mbali kidogo, kiasi cha kilometa mia moja kusini-mashariki ya hapa, mahali ambapo maji ya miteremko ya kusini ya Mlima Meru huenda kupumzika kabla ya kuendelea na safari ya kwenda baharini. Mahali hapo ni bwawa la Nyumba ya Mungu.

Jina hilo latosha kumfanya Mkristo asimame na kufikiri, ingawa watu wa huko hulitamka kwa mazoea tu, kama sisi tunavyotamka Maji ya Chai bila kukumbuka kwamba mto ule uliitwa hivyo kwa sababu ya rangi yake.

Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1960 ili kuzuia maji ya Mto Pangani, na mitambo yake ya umeme ilianza kazi mwishoni mwa miaka hiyo. Liko mpakani, upande mmoja Mwanga mkoani Kilimanjaro, upande mwingine Simanjiro mkoani Manyara. Likijaa, hufunika eneo la kilometa za mraba zipatazo 140. Mito mikubwa inayoliingia ni miwili. Ruvu hutoka Ziwa Jipe na miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro. Kikuletwa ndio wetu: hukusanya maji ya Meru pamoja na mito ya kusini ya Kilimanjaro. Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai, yote huishia humo. Themi nao, ambao hupita katikati ya mji wetu ukipokea Naura, Ngarenaro na Kijenge, hutelemka hadi Kikuletwa. Kwa hiyo mtu anayemwaga ndoo ya maji machafu mtaroni Ngarenaro amekwisha kutuma kitu Nyumba ya Mungu, apende asipende.

Yafaa tuseme kwanza jinsi bwawa lenyewe lilivyo, kwa maana mtu hawezi kulinda kitu asichokijua. Ni bwawa refu na kwa sehemu kubwa si la kina. Upande wa kaskazini, mito inapoingia, kuna matete na vinamasi, na ardhi yake ni tambarare kiasi kwamba maji yakipungua meta chache tu, ufuko huhama mbali na kuacha uwanda wa tope lililopasuka. Upande wa kusini, karibu na ukuta, ndiko kwenye kina. Nchi inayolizunguka ni kame. Limekaa nyuma ya milima ya Upare, na mvua zake ni haba. Jua la huko ni kali, na upepo wa tambarare huvuma kwa nguvu. Upepo huo una faida yake, maana huyakoroga maji na kuipeleka hewa safi chini wanakoishi samaki. Lakini upepo na jua kwa pamoja hunywa maji mengi mno. Hebu tupige hesabu: bwawa likiwa limejaa, kila milimita moja ya maji inayopanda hewani ni meta za ujazo 140,000, yaani lita milioni 140. Milimita moja ni unene wa ukucha.

Tena maji yakipanda hewani, chumvi haipandi. Hubaki. Ndiyo sababu maji ya Nyumba ya Mungu yana chumvichumvi na hali ya magadi, kuliko maji ya chemchemi za Kilimanjaro zinazoyalisha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha London waliolichunguza bwawa hilo mwaka 1974 walikuta mambo ya namna hiyo: maji yenye madini mengi, yenye ukungu wa tope, na mwani ulioota kwa wingi. Wakati huo bwawa lilikuwa bado changa. Udongo mpya uliofunikwa ulikuwa umetoa rutuba yake yote kwa mara moja, na samaki walikuwa wamezaliana ajabu, hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 wavuvi walivua zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka mmoja. Watu walihamia kutoka pande zote za nchi. Kisha mavuno yakashuka ghafula na hayakurudi tena kiasi kile. Mwaka 2016 serikali ililazimika kusimamisha uvuvi kwa muda ili perege wapate nafasi ya kuzaliana. Katika bonde hili kuna aina ya perege isiyopatikana kiasili mahali pengine popote duniani ila katika maji ya Pangani. Akipotea hapa, amepotea kabisa.

Sasa tuje kwetu juu mlimani. Ni mambo gani tunayoyatuma huko?

La kwanza hatukulitenda sisi. Mlima Meru ni volkano. Ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana madini ya floridi kwa wingi usio wa kawaida, na maji yanayopita ndani yake huyabeba. Kila mmoja wetu ameona meno ya kahawia ya watoto wa pande za Maji ya Chai na Ngurdoto, na wengine tumeona miguu iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika lita moja. Nchini mwetu, kwa miaka mingi, tuliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu katika wilaya nyingine hapakuwa na maji mengine ya kuwapa watu. Viwango vilivyotolewa mwaka 2018 vikaishusha hesabu hiyo hadi 1.5. Huko Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kinachochuja floridi kwa mkaa wa mifupa, kazi njema ambayo haijafika nyumba nyingi kama ilivyostahili. (Na kina mama mtusamehe tukisema hili: magadi tunayotia katika maharage na makande ili yaive upesi yana floridi pia. Maji mabaya tumepewa, lakini magadi twayanunua wenyewe.)

Maji haya ya Meru yakifika Kikuletwa huchanganyika na maji matamu ya Kilimanjaro, na ukali wake hupungua. Huo ndio mpango wa asili: mlima mmoja humsaidia mwenzake. Lakini mchanganyiko huo hutegemea maji matamu yaendelee kutiririka. Yakichukuliwa yote huko juu, kinachobaki kushuka wakati wa kiangazi ni maji machache yenye chumvi nyingi. Na hapa ndipo neno la haki linapoanza.

Mwaka 2015 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kutoa mkopo mkubwa kwa ajili ya maji na usafi wa mazingira wa Arusha, na visima virefu vikachimbwa upande wa wilaya ya Hai ili sisi tupate maji yasiyo na floridi nyingi. Twashukuru, watoto wanaozaliwa leo mjini wana matumaini ya kuwa na meno meupe. Hata hivyo yatupasa tujue kwamba maji hayo yanatoka katika bonde lile lile la Kikuletwa. Twayanywa, twayafulia, kisha twayarudisha bondeni. Twayarudisha yakiwa na hali gani? Mradi huo ulileta pia mabwawa mapya ya kusafishia majitaka, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini nyumba nyingi za mji huu hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Vyoo vya shimo vilivyochimbwa ukingoni mwa mto, na vingine, tuseme ukweli, hufunguliwa usiku mvua kubwa inaponyesha. Kuna gereji zinazomwaga oili chafu mtaroni. Kuna taka za sokoni na mifuko ambayo imepigwa marufuku tangu mwaka 2019 na bado inaelea. Mbolea na dawa za mashambani nazo husombwa na mvua. Kinyesi na mbolea vikifika katika bwawa lisilo na kina, lenye jua kali, huwa chakula cha mwani. Maji hugeuka kijani kama rangi iliyomwagwa, na mwani ukifa na kuoza hunyonya hewa waliyokuwa wakiitegemea samaki.

Tena kuna tope. Wazee watakumbuka bwawa dogo la Kisongo, magharibi ya mji. Wataalamu waliopima huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliona tope likilijaza kwa kasi, kwa sababu malisho ya juu yake yalikuwa yamebaki udongo mtupu. Nyumba ya Mungu ni kubwa mara nyingi zaidi, na kwa hiyo huchelewa kuonyesha ugonjwa. Lakini udongo wa shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa Nduruma au Tengeru hauna mahali pengine pa kwenda. Mwenye shamba amepoteza udongo wake, na aliye chini amepoteza nafasi ya maji. Hakuna aliyepata faida.

Tunajua mtu atauliza: hivi bwawa lenyewe lina umuhimu gani siku hizi? Mitambo yake hutoa megawati 8 tu, na maji yake yakiendelea huendesha megawati 21 za Hale na megawati 68 za Pangani. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni kwamba kazi ya Nyumba ya Mungu imegeuka. Leo si taa tu. Tarehe 9 Machi 2025 ulizinduliwa mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliosubiriwa miaka zaidi ya kumi, na chanzo chake ni bwawa hilo. Wanawake wa Upare waliotembea na ndoo kichwani tangu usichana wao sasa wanafungulia bomba. Maji husafishwa kabla ya kufika kwao, ni kweli. Lakini kila uchafu unaozidi humaanisha dawa nyingi zaidi na gharama kubwa zaidi, na gharama hiyo hulipwa na mtu wa Same ambaye hakuchafua kitu. Yule tuliyekuwa tukimwita mtu wa mbali ameanza kunywa kilichopita mlangoni petu.

Sheria ipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka matumizi ya nyumbani mbele, kisha mahitaji ya mazingira yenyewe, na mengine yote baadaye. Nayo Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ndiyo inayotoa vibali. Lakini twatahadharisha jambo moja. Zile meta 60 mara nyingi humpata kwanza mjane mwenye kibustani cha mchicha kando ya Themi, kabla ya kumpata mwenye ukuta wa matofali na lango la chuma. Watu wa Meru wanajua vizuri maana ya kuamuliwa mambo na wengine. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwatetea Wameru walioondolewa Engare Nanyuki. Basi tukidai sheria ifuatwe, tudai ianze na wakubwa, na mjane aonyeshwe mahali pengine pa kulima kabla hajang'olewa mchicha wake.

Wenye mifereji nao wana neno la kutufundisha. Desturi ya zamani ya mfereji ilikuwa na zamu: siku yako ikiisha, banio hufungwa, hata kama mahindi yako yanalia. Aliyeiba maji usiku aliitwa mbele ya wazee na kutozwa faini. Tungependa desturi hiyo ivuke mipaka ya mfereji mmoja, ili mwenye zamu akumbuke kwamba baada ya jirani yake wa mwisho yuko mvuvi, na baada ya mvuvi yuko mama wa Mwanga.

Kwa hiyo Tume imeomba yafuatayo, nasi tunaunga mkono. Jumuiya zilizo kando ya Naura, Ngarenaro, Kijenge na Themi zitembee kingo za mito yao kabla ya mvua za masika, na kuandika wanachokiona: bomba la choo, rundo la taka, shamba lililofika majini. Wasiandike majina ya watu, bali mahali. Orodha hizo zitakusanywa parokiani na kupelekwa ofisi ya bonde na halmashauri kwa barua moja. Jumuiya za vijijini, kuanzia Nduruma hadi Usa River, ziwaalike viongozi wa mifereji na wa jumuiya za watumia maji, hata wasio wa dhehebu letu, wazungumze juu ya zamu za kiangazi. Na tumependekeza watu kumi kutoka huku juu, vijana watano na wazee watano, wapelekwe Nyumba ya Mungu kukutana na wavuvi na wanawake wa huko, wasikilize zaidi kuliko kusema. Gari la parokia lipo. Kinachokosekana ni mafuta. Wahazini wa jumuiya wanaombwa wabaki kidogo baada ya mazungumzo haya.