Fisi, ndama na mtoto huntha

Mjadala wa watoto huntha, yaani wale wamezaliwa na maumbile ambayo si ya kiume wala ya kike moja kwa moja, ukianza tu, utasikia mtu: "Hiyo si asili."

Haya, twende Maasai Mara. Fisi madoa jike ana kiungo kama uume, na anazaa kupitia hapo hapo. Zamani watu waliamini ati fisi ana jinsia mbili. Kumbe ni jike kamili! Ukiangalia nje pekee, unapotea.

Waulize wafugaji pia. Ndama jike akizaliwa pacha na dume, mara nyingi huwa tasa, kwa sababu damu zao zilichanganyika tumboni. Asili yenyewe hiyo.

Lakini tusidanganyane: wanyama hawatuamulii maadili. Hata bila fisi, mtoto ana haki zake. Swali ni nani anaamua apasuliwe, na haraka ni ya nini? Asiyeweza kukojoa, atibiwe leo. Lakini kumkata ili majirani wasiulize maswali? Kiungo kikishatolewa hakirudi, na mwenye mwili hajaulizwa.

Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa daktari wa jenetiki. Na sensa ya 2019 ilihesabu huntha 1,524.

Kwa hivyo mwanasiasa akisema hawapo, muulizeni serikali ilihesabu nani. Akisema anawalinda, muulizeni mtoto mwenyewe atasikizwa lini.