Fedha za Serikali na Meno ya Watu

Maneno yangu ya leo ni habari za meno. Najua wako watakaocheka, wakisema jino ni kitu kidogo. Lakini aliyepata kukesha usiku kucha ameshika shavu hatacheka. Nitawasimulia mambo ya Uingereza, kwa sababu huko Serikali ilijaribu jambo kubwa.

Zamani katika nchi ile maskini hakuenda kwa mganga wa meno ila maumivu yakimshinda. Kuziba jino kulikuwa na gharama. Kuling'oa kulikuwa rahisi. Palikuwa na mahali ambapo msichana aling'olewa meno yote kabla ya arusi, akatiwa ya bandia, na jambo hilo likahesabiwa kuwa zawadi, maana mume hatatoa tena fedha kwa ajili ya meno yake!

Hata tarehe 5 Julai 1948 Serikali ikaanza kuwatibu watu wote kwa fedha za kodi, pasipo mgonjwa kulipa kitu. Waziri wa Afya alikuwa Bwana Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Watu wakamiminika kwa waganga wa meno kama maji ya masika, na wengi walitaka meno ya bandia, kwani yao yalikuwa yamekwisha oza. Gharama ikapita makisio. Mwaka 1951 Waziri wa Fedha, Bwana Hugh Gaitskell, akaamuru anayetaka meno ya bandia alipe nusu ya bei. Bwana Bevan, aliyekuwa sasa Waziri wa Kazi, akajiuzulu. Mwaka 1952 matibabu mengine ya meno nayo yakatozwa fedha isiyozidi paundi moja.

Je, fedha ile ilipotea bure? Hasha. Mwaka 1968, katika England na Wales, watu wazima 37 katika kila 100 hawakuwa na jino lao hata moja. Mwaka 2009, katika England, walikuwa 6 tu. Ni haki kusema kwamba dawa ya mswaki yenye floridi nayo ilisaidia sana.

Lakini kutoa fedha ni jambo moja, na namna ya kuitoa ni jingine. Hapa nawaombeni msikilize kwa makini. Mwaka 2006 England, iliyo sehemu kubwa ya ufalme ule, ilibadili malipo ya waganga. Kazi ikahesabiwa kwa vipimo: aliyemziba mgonjwa jino moja alipata vipimo 3, na aliyemziba meno 6 katika matibabu yale yale alipata vipimo 3 vile vile. Fikirini fundi anayepewa ujira mmoja, ashone kanzu moja au kanzu sita! Basi mwenye meno mabovu mengi, naye mara nyingi ndiye maskini, akawa hasara kwa mganga. Kanuni ile ilirekebishwa kidogo mwaka 2022, lakini waganga wengi walikuwa wamekwisha punguza kazi ya Serikali, wakatibu wanaojilipia. Februari 2024, katika mji wa Bristol, nyumba moja ya matibabu ya meno ilipotangaza kuandikisha wagonjwa wa Serikali, watu walijipanga njiani kwa mamia, hata polisi wakaja. Haki ya kutibiwa walikuwa nayo siku zote, mganga hawakumpata.

Scotland, iliyo kaskazini, imefuata njia nyingine. Tangu mwaka 2006 kila mtu huweza kutazamwa meno bure, hata asipoumwa. Tena katika shule za watoto wadogo, watoto hupiga mswaki kila siku mbele ya mlezi, na miswaki na dawa hulipiwa na Serikali. Wachunguzi walipopiga hesabu waliona kuwa, baada ya miaka michache, fedha iliyookolewa ilizidi iliyotumika. Sababu yake si fumbo: mtoto mdogo wa kung'olewa meno kadhaa hupelekwa hospitali, akatiwa dawa ya usingizi, na daktari na wauguzi wakamsimamia. Mswaki ni senti chache.

Mwaka 2025 Serikali ilitoa fedha ili watoto wa England wenye umri wa miaka 3 hadi 5, katika mitaa ya maskini, nao wapigishwe mswaki shuleni.