Bunduki, Mzigo au Jembe: Kumtafuta Babu Aliyekwenda Vitani

Mada kwa semina ya historia ya familia, Butembo



Familia nyingi za Beni na Lubero, mashariki mwa Kongo, zina babu anayesemwa kwamba alikwenda vitani. Mjukuu akianza kumtafuta, huuliza kwanza alikuwa batalioni gani. Naomba swali hilo lisubiri. Tuulize kwanza babu alibeba nini, kwa sababu vita vya Wazungu vilichukua watu kwa njia tatu, na kila njia iliacha alama zake mahali tofauti.

Wako askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Kongo ya Wabelgiji. Wako wapagazi. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Jenerali Tombeur wa koloni yalivuka kutoka Kivu kupigana na Wajerumani, yakaingia Kigali mwezi Mei na Tabora tarehe 19 Septemba. Askari walikuwa kiasi cha 15,000, lakini wapagazi waliotumika katika vita vile wanakadiriwa kufikia 260,000. Kwa hesabu hiyo, babu wa mwaka 1916 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa alibeba sanduku la risasi kichwani kuliko kuzifyatua. Wa tatu, mfanyakazi wa lazima, hakuvuka hata Mto Semliki. Mwaka 1942 serikali ya koloni iliongeza siku za kazi za lazima hadi 120 kwa mwaka kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia. Mtu aliyesema “nilichukuliwa wakati wa vita” akimaanisha shamba, barabara au mgodi hakudanganya. Sisi ndio tuliomvalisha sare baadaye.

Tutawatofautishaje? Sikilizeni masimulizi kwa makini. Babu aliyewaamrisha wajukuu kwa Lingala, huku nyumba nzima ikisema Kinande na Kiswahili, huenda alipitia kambini, kwa kuwa Lingala ndiyo iliyokuwa lugha ya amri jeshini. Akitaja Nile, Asosa, Gambela au Saio, yuko katika vita vya Uhabeshi vya mwaka 1941, vilivyomalizika Saio tarehe 3 Julai kwa Jenerali Gazzera wa Italia kujisalimisha. Na kama alisimulia mvua, njaa na miguu kuvimba, msidhani ni chumvi ya mzee: beriberi iliwatesa sana watu wa Force Publique kule. Waliotaja Nigeria, Misri au Palestina ni wa safari za baada ya hapo. Kikosi cha tiba kilifika hadi Burma. Albert Kunyuku, mmoja wa waliokuwa huko, alipewa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwezi Juni 2022, miaka karibu themanini baadaye!

Kikwazo kikubwa kwetu Wanande ni jina. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ukimwandikia mtunza nyaraka kwamba unamtafuta Kambale wa Lubero, umemwambia tu kwamba alizaliwa wa pili. Hapo namba ya jeshi inazidi jina kwa mbali, maana haina ndugu. Kama namba haipo, andika jina la baba yake, kijiji, na usultani: Bashu, Baswagha, Bamate, Batangi au mwingine. Mamlaka yaliwataka wakubwa wa vijiji watoe vijana, hivyo nyumba ya mwami, yaani mtawala wa usultani, inaweza kukumbuka nani alitolewa, na wakati mwingine kwa nini yeye na si mtoto wa jirani. Swali hilo la mwisho liulizwe kwa adabu. Kuna koo ambazo hazijasahau.

Jina la ubatizo nalo lisiachwe. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo Joseph wa karatasi za zamani huenda hayumo kwenye karatasi za Zaire. Daftari za parokia husaidia kuunganisha pande hizo mbili, lakini Mapadri Waasumsio walifika Beni mwaka 1929 tu, baada ya vita vile. Mpagazi wa mwaka 1916 atatafutwa humo kama baba wa wabatizwa, au kama mzee aliyebatizwa uzeeni.

Nyaraka za Wizara ya Makoloni ya Ubelgiji ziko Brussels, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Makumbusho ya Jeshi pia yako katika mji huo. Unapoandika barua, kumbuka kwamba kabla ya mwaka 1933 Kivu ilikuwa sehemu ya Provensi ya Mashariki, kisha ikawa Provensi ya Costermansville hadi mwaka 1947. Anayetafuta chini ya “Kivu ya Kaskazini” hatapata kitu cha enzi hizo. Tena asitarajie usawa: jalada la ofisa Mzungu huwa nene, la askari wetu ni jembamba, na la mpagazi mara nyingi halikufunguliwa kabisa. Kwa mpagazi, ushahidi wenu ni masimulizi ya koo mbili zisizohusiana zinazokubaliana. Mkiyapata, andikeni “mpagazi” bila haya.

Na tufanye haraka. Tangu mauaji ya mwaka 2014 upande wa Mbau, Oicha na Eringeti, watu wamekimbia nyumba usiku na kuacha sanduku la babu chini ya kitanda. Mwenye medali au kitabu cha askari apige picha wiki hii, mbele na nyuma, aandike ni cha nani na kilikaa kwa nani, kisha aitume kwa ndugu aliye mbali, Kampala au Kinshasa. Wasio na kitu cha kupiga picha warekodi sauti ya shangazi mkubwa kuliko wote.