KUTENGENEZA PICHA NYUMBANI, NA HABARI YA ILE PICHA YA MKANDA

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya kamati ya tawi mbele ya wanachama, Mugutha)



Tumeombwa tuseme habari za kutengeneza picha nyumbani kwa simu na kompyuta, na hasa hizi programu mpya zenye akili bandia. Vijana wengi wa hapa Mugutha wameifanya kuwa kazi ya pili. Mtu akitoka zamu Ruiru au Thika hula, hunawa, halafu hukaa na simu yake akitengeneza picha za arusi, za mazishi na za watoto waliohitimu, apate senti za kuongeza kwenye kodi ya nyumba. Hatuidharau kazi hiyo. Lakini tumesimama hapa hasa kwa sababu ya ile picha ya mkanda iliyotoka katika gazeti hili letu. Wengi wenu mmetuuliza habari zake, na sisi wa kamati tumekawia kujibu. Leo tutajibu.

Katika kiwanda kimoja cha upande huu, jina lake tunaliacha, mashini moja ilikuwa ikiendeshwa bila kifuniko cha mkanda na puli. Dada mmoja alishikwa mkono wa koti. Koti likararuka, yeye akasalimika kwa rehema za Mungu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila sehemu ya hatari ya mashini ikingwe imara, wala hapo hapana ubishi. Msimamizi aliambiwa mara mbili, akasema ataangalia. Basi ndugu yetu mmoja wa zamu ya usiku akatoa simu, akapiga picha.

Picha ilikuwa ya giza, tena imetikisika. Hata hivyo ukiitazama kwa makini uliona matundu manne meusi katika chuma, pale bolti za kifuniko zilipokuwa zikiingia. Matundu yale manne ndiyo yaliyokuwa neno letu lote: kifuniko kilikuwapo zamani, kikafunguliwa, hakikurudishwa.

Ndugu yetu alifika nyumbani alfajiri, akaifungua picha katika programu moja ya simu, akabonyeza mahali pa kuboresha. Haikupita dakika, picha ikatoka safi kama ya kalenda. Akafurahi. Na kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa, akaifuta ile ya kwanza. Akatutumia ile safi kwa WhatsApp. Sisi tukaipokea, tukaisifu, tukaipiga chapa, tukaiweka mezani mbele ya kamati ya usalama ya kiwanda.

Meneja hakupandisha sauti hata kidogo. Alivaa miwani, akaisogeza picha karibu, akauliza, "Hizi ni nini?" Mahali pa matundu manne palikuwa na vichwa vinne vya bolti vinavyong'aa. Akasema: bolti zimekazwa vizuri, lakini kifuniko hakionekani, basi ninyi mmekiondoa kwa kompyuta.

Tulitafuta la kumjibu, tukakosa. Picha ya kwanza haikuwapo tena duniani. Mkaguzi wa serikali alipofika alikuta kifuniko mahali pake, na rangi yake bado inanuka ubichi. Kwa hiyo mkanda umefunikwa, na kwa hilo tunashukuru. Lakini katika kumbukumbu za mkutano ule imeandikwa kwamba chama kilileta picha ya kubuni. Maneno hayo yamo mpaka leo, na kila tukileta picha nyingine, mtu huyafungua na kuyasoma.

Twataka ieleweke kwamba ndugu yetu hakusema uwongo. Asichekwe. Alitaka kusaidia, na alifanya lile ambalo simu ilimwambia ni kuboresha. Kosa ni letu sisi wa kamati, ambao hatukumwuliza swali moja: ya kwanza iko wapi?

Sasa mtauliza, zile bolti zilitoka wapi?

Wazee wanakumbuka studio za zamani, fundi wa picha alipokaa mbele ya negativi na kalamu ya risasi iliyochongwa kali, akafuta kovu la mteja au mkunjo wa uso. Kurekebisha picha si jambo la jana. Baadaye ikaja kompyuta. Programu ya Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka 1990. Hizo zote zilihitaji mkono wa mtu na nia ya mtu. Fundi akichora bolti, alijua kwamba amechora bolti.

Hizi za akili bandia zafanya kazi kwa njia nyingine. Zimefundishwa kwa mamilioni ya picha, zikajua kwamba vitu fulani kwa kawaida hukaa pamoja. Ukiipa picha yenye ukungu, haina njia ya kuona yaliyo nyuma ya ukungu. Hukisia. Ikiona doa jeusi la mviringo katika chuma cha mashini, na katika picha nyingi ilizosoma mahali kama hapo pana bolti, basi itakupa bolti, nzuri kabisa, yenye kivuli chake. Tangu mwaka 2023 hata Photoshop imetiwa chombo cha kujaza mahali palipo patupu kwa vitu ambavyo kamera haikuviona. Na katika simu nyingi kitufe cha kuboresha hakikuelezi kama kitaongeza mwangaza tu au kitachora.

Mwaka 2020 watu wengi waliona mfano wake. Kulikuwa na programu moja ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, iitwayo PULSE, ya kuzifanya picha hafifu ziwe wazi. Mtu akaipa picha ndogo yenye ukungu ya Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Ikatoa uso wa mzungu. Wengine walicheka. Sisi hatukucheka sana, maana jambo la namna hiyo limetufika hapa hapa Mugutha. Mwanachama mmoja aliletewa picha ya kitambulisho ya marehemu, imechakaa, aikuze kwa karatasi ya ratiba ya mazishi. Akaipitisha katika programu, ikatoka kubwa na safi. Mjane akaishika muda mrefu, kisha akasema, "Huyu amefanana na mume wangu, lakini siye." Karatasi zilikuwa zimekwisha pigwa chapa, na mazishi ni kesho yake. Mwanachama alilipa gharama za chapa mwenyewe, na bado haya zinamshika akikutana na mama yule njiani.

Basi mtu afanye nini? Hatusemi mtupe simu zenu. Gazeti hili letu hupigwa kwa mashini ya kurudufu, kwa wino mweusi peke yake, na picha isiyotengenezwa hutoka kama tope. Mmeziona nyuso zetu katika toleo la Mei Mosi. Ni lazima kuongeza mwangaza, kutenganisha weusi na weupe, kunyoosha picha iliyolala upande, na kukata pembeni pasipohitajiwa. Kazi hizo zote hubadili nuru iliyokwisha ingia katika kamera, wala haziongezi kitu. Programu za kuzifanya zipo bila malipo: GIMP na Darktable kwa kompyuta, Snapseed kwa simu. Lakini hata kukata pembeni kuna hatari yake. Ukimkata mtu aliyesimama karibu na mashini, umekata shahidi.

Ila picha ikiwa ni ya shauri, yaani mashini, jeraha, hati ya mshahara, choo kibovu, lango lililofungwa wafanyakazi wakiwa nje, basi hapo chombo chochote cha kufuta, kujaza au kuboresha kwa akili bandia kisiguswe kabisa. Afadhali picha ya giza. Picha ya kwanza iachwe kama ilivyotoka katika kamera, na kazi ifanyiwe nakala. Nakala ipewe jina lingine. Kama simu imejaa, futeni nyimbo.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na kunyang'anywa maelezo yaliyofichwa ndani yake, yaani saa, tarehe na aina ya simu. Itumeni kama hati, hapo itafika nzima. Na shauri likifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi katika kifungu cha 106B inataka cheti kilichotiwa sahihi, cha kueleza picha ilitolewaje na kwa chombo gani. Mtu aliyefuta picha ya kwanza atatia sahihi kwa lipi?

Kwa wale wanaofanya kazi hii kwa malipo twaongeza mawili. Mteja siku hizi husema, mashini ndiyo inayofanya, kwa nini nikulipe? Mwonyesheni picha ya mama yake iliyopita katika mashini bila jicho la fundi: ngozi imesuguliwa mpaka imepauka na alama ya shavuni imefutwa. Kumrudishia mama yule rangi yake ndiyo kazi, na kazi hiyo ina bei. Wanachama wa kazi hii wakae pamoja wapatane bei ya chini kwa kila picha, kuliko kila mtu kumshusha mwenzake gizani.

La pili ni sheria. Programu nyingi hizi haziifanyii kazi picha ndani ya simu. Huipeleka katika kompyuta za kampuni nchi nyingine. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, uso wa mtu si mali ya mwenye kamera kuutangaza apendavyo. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Kwa hiyo anayepewa picha za shule azitengeneze aulize kwanza idhini iko wapi, na aitake kwa maandishi.

Wala tusidhani akili bandia hizi zimejifundisha zenyewe. Nyuma yake kuna watu waliokaa mbele ya vioo wakiandika hili ni gari, huyu ni mtu, hii ni damu, na wengi wao wamekaa Nairobi, mwendo wa matatu moja tu kutoka hapa. Tarehe 1 Mei 1923 haikuwaona, lakini tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo, wanaochuja na kupanga maandishi na picha za makampuni makubwa ya ng'ambo, walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hao ni ndugu zetu wa kiwandani, ijapokuwa kiwanda chao hakina bomba la moshi.

Sasa kuhusu yale maneno katika kumbukumbu za mkutano. Kamati imeandika barua kuomba maelezo yetu yaingizwe kando yake: kwamba picha ilibadilishwa na programu, kwamba hatukujua, na kwamba dada mwenye koti lililoraruka yuko tayari kusema aliyoyaona. Koti lenyewe tunalo, limewekwa ofisini. Jibu halijafika.

Jumapili ijayo baada ya ibada, wenye nafasi waje hapa hapa na simu zao zikiwa zimejazwa moto. Vijana wawili wataonyesha jinsi ya kuweka picha ya kwanza, jinsi ya kufanya nakala, na jinsi ya kutuma kama hati. Ndugu yetu wa zamu ya usiku amekubali kuwa mmoja wa hao wawili.