Akiba Inayoungua Pamoja na Mwenzake: Vigeuzi vya Masafa vya Setilaiti Kasongo na Kabambare

Mada kwa semina ya mafundi wa mawasiliano wa kusini mwa Maniema

Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie muundo wa vigeuzi vya masafa vyenye akiba katika mawasiliano ya setilaiti. Barua ya mwaliko ilitaka nianze na fasili. Nitazipitia haraka, maana sidhani kama kuna asiyezijua humu ukumbini, kisha niingie kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi kwa miaka mingi. Nitakayosema ni maoni ya fundi, si msimamo wa taasisi inayonilipa mshahara, na sitamtaja kwa jina muuzaji wala mfadhili yeyote.

Fasili

Setilaiti ya mawasiliano ya aina tunayoitumia zaidi hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Hupokea kwa masafa fulani na kurudisha kwa mengine, kwani ikirudisha kwa yaleyale itajizibia masikio. Kazi ya kubadili hufanywa na kigeuzi, ambacho ni kichanganyishi pamoja na osileta yake. Katika mpango wa kawaida wa bendi ya C osileta hiyo ni ya megahezi 2,225: ukirusha 6,200, inashuka 3,975. Huku chini tuna vigeuzi viwili, BUC ya kupandisha na LNB ya kushusha, vinavyoongea na modemu kwa masafa ya kati, kuanzia megahezi 950 hivi. Akiba ni kifaa cha pili kinachoshika kazi cha kwanza kikifa. Ikiwashwa muda wote tuiite akiba inayokesha, ikizimwa ikingoja zamu tuiite akiba inayolala. Fasili zimekwisha.

Wanavyofanya walio na mtambo angani

Setilaiti ikiharibika hakuna fundi wa kuipanda, kwa hiyo wabunifu wake huweka akiba tangu mezani. Mpangilio uliozoeleka ni vipokezi vinne, kila kimoja na kigeuzi chake, kwa kazi ya viwili. Vile viwili vya ziada hulala. Kituo cha duniani kikituma amri, swichi za mirija ya mawimbi hugeuka na kilicholala kinaamka. Kifaa kilichozimwa huchakaa polepole, na kwa desturi wahandisi hukadiria kasi yake ya kuharibika kuwa sehemu moja ya kumi ya kile kilicho kazini.

Mjadala wao mkubwa ni juu ya osileta. Ukiweka moja ya pamoja, unapunguza uzito na vigeuzi vyote vinakwenda sawa, lakini siku ikizimika transponda zote zimezimika nayo. Ukikipa kila kigeuzi yake, unalipa kwa kilo na kwa wati. Wengi huishia kuweka chanzo cha pamoja chenye pacha wake.

Naomba mnivumilie kwa hesabu moja, kwa sababu ndiyo mhimili wa mada. Tuchukue, kwa mfano tu, kigeuzi chenye kasi ya hitilafu 500 kwa kila saa bilioni moja. Miaka 15 ni saa 131,400. Kikiwa peke yake, uwezekano wa kufa ndani ya muda huo ni asilimia 6.4 hivi. Ukiweka viwili vinavyokesha, uwezekano wa vyote kufa ni asilimia 0.4. Vizuri sana. Sasa tuseme katika hitilafu kumi, moja ni ya pamoja, yaani inavipiga vyote viwili kwa mkupuo. Hiyo moja peke yake inaleta asilimia 0.65, na zile tisa nyingine, zinazohitaji vifaa viwili vife kila kimoja kwa sababu yake, zinaleta asilimia 0.33. Ule mlango mdogo wa pamoja umekuwa mara mbili ya mlango mkubwa. Kuongeza kigeuzi cha tatu hakuupunguzi hata chembe.

Angani ushahidi upo. RASCOM-QAF1, setilaiti ya shirika la nchi za Afrika iliyorushwa Desemba 2007, ilipunguziwa umri na heliamu iliyovuja. NigComSat-1 ya Nigeria ilizimika Novemba 2008 kwa tatizo la mabawa ya jua. Intelsat New Dawn ilirushwa Aprili 2011 kwa ajili ya Afrika, na antena yake ya bendi ya C ikagoma kufunguka, kwa hiyo vipokezi vyote vya bendi hiyo, pamoja na akiba zake, vikabaki vizima visivyo na kazi. Oktoba 2024 Intelsat 33e ilivunjika vipande ikiwa nyuzi 60 mashariki. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoangushwa na kigeuzi. Zimeangushwa na kitu ambacho vifaa vya kazini na akiba zake vilikitegemea pamoja.

Kasongo na Kabambare

Tuteremke sasa nyumbani. Seti ya akiba tunayoletewa huku ni sahani moja ya chuma nyuma ya antena, imebeba BUC mbili na swichi katikati. Moja inarusha angani, nyingine inakesha ikirushia kwenye mzigo bandia, yaani kizuizi kinachogeuza mawimbi kuwa joto. Karatasi ya mradi inasema akiba ni asilimia 100, na mkaguzi anaweka tiki.

Tufuate waya. Zile BUC mbili zinalishwa na kebo moja kutoka kwenye modemu moja. Kebo hiyohiyo imebeba mawimbi ya kati, umeme, na kipimo cha megahezi 10 kinachoziongoza osileta zote mbili. Umeme unatoka kwenye inveta moja, na inveta inalishwa na jenereta ambayo mlinzi huiwasha kabla ya kuangalia mita ya volti. Waya wa ardhi ni mmoja, ukiwepo. Wenzetu wa angani wanabishana kama osileta iwe ya pamoja. Sisi tumeweka pamoja kila kitu isipokuwa lile sanduku.

Halafu kuna radi. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya miaka 16 vya setilaiti ya TRMM walichapisha orodha ya mahali penye radi nyingi zaidi duniani. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili ni Kabare, Kivu Kusini. Ya tatu ni Kampene, hapa hapa Maniema, wilaya ya Pangi, jirani zetu: takribani miale 177 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Vifaa hivi vilibuniwa na watu wanaoishi mahali ambapo radi ni habari ya gazeti.

Radi haihitaji kupiga antena. Ikipiga mwembe ulio mita hamsini, volti zinapanda kwenye ganda la kebo na kuingia BUC zote mbili kwa wakati mmoja. Katika kituo kimoja upande wa Kabambare tulizifungua mbili kwa pamoja mezani. Rangi ya nje ilikuwa mpya kabisa. Ndani, kwenye kontakta ya kuingilia, pini ya katikati ilikuwa nyeusi na bodi imetoboka tundu dogo la ukubwa wa punje ya mtama, BUC ya kwanza na ya pili zikiwa na tundu mahali palepale. Ile iliyokesha miezi yote bila kutuma neno hata moja ilikufa kifo kilekile cha mwenzake. Kishikio cha waya wa ardhi tulikikuta kimelegea, kimeota kutu ya kijani, na kuzunguka fimbo kulikuwa na chumvi iliyomwagwa ili kupunguza ukinzani wa udongo wetu mwekundu. Chumvi husaidia msimu mmoja, kisha inaila shaba.

Na maji. Ukiwa Kasongo, setilaiti iliyo nyuzi 32.8 mashariki iko karibu utosini, nyuzi 81 hivi kutoka upeo wa macho. Antena ya duara kamili inatazama juu kama beseni, ikikinga mvua na majani ya mti ulio jirani. Mafundi hutoboa tundu la kutolea maji, na hilo nalikubali, ila watoboe sehemu ya chini kabisa na walipake rangi.

Hapa pia niseme kuhusu akiba iliyofika na namba ngeni, maana nimeiona zaidi ya kituo kimoja. BUC ya bendi ya C inaweza kuwa na osileta ya megahezi 4,900 au ya 7,375. Kwa kurusha 6,200, ya kwanza inataka modemu itoe 1,300. Ya pili inataka 1,175, tena wigo unapinduka, wa juu kuwa wa chini. Kwa nje ni sanduku lilelile. Fundi anaifunga usiku kwa tochi, haifanyi kazi, anaandika ripoti kwamba ni mbovu, nayo inarudishwa Kindu kwa barabara mnayoijua. Inapimwa huko, inakutwa nzima. Kituo kimekaa bubu wiki kadhaa kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyeiandika.

Najua kuna atakayenyanyua mkono kusema Starlink imeruhusiwa nchini mwaka 2025, basi mambo ya BUC ni ya wazee. Ile sahani nayo ina vigeuzi ndani, haifunguliki, na inakula kwa kebo moja kutoka kwenye umeme uleule. Ni mtambo mzuri kuwa nao wa pili. Ila ukiufunga kwenye inveta ileile, turudie hesabu ya mwanzo.

Mapendekezo

Nayatoa kwa heshima, kama ombi, nikijua bajeti hupangwa mbali na hapa.

BUC ya akiba ishushwe kwenye sahani. Ikae imezimwa, imefungwa, kwenye kabati kavu, hapa Kasongo, na nyingine Kabambare penyewe. Tunachopoteza ni kubadilisha kwa sekunde, kwa kuwa fundi atahitaji nusu siku. Nusu siku si kitu mbele ya wiki kadhaa.

Kuizima kunaokoa umeme pia. BUC ya wati 10 hula wati 100 au zaidi. Kwa saa 24 hizo ni kilowati-saa 2.4 za kupasha moto kizuizi. Kwenye kituo cha jua hizo ni paneli na betri ambazo zingehudumia friji ya chanjo.

Pale mfadhili anaposhikilia akiba inayokesha, basi ipewe kebo yake, umeme wake na kipimo chake cha megahezi 10. Kama hawezi, asiandike asilimia 100.

Waya wa ardhi upimwe kila mwaka kabla ya mvua za Septemba, ukinzani wake ushuke chini ya omu 10, na antena, mlingoti, modemu na jenereta vifungwe kwenye ardhi moja. Kizuia radi kiwekwe ncha zote mbili za kebo. Kishikio cha ardhi kikazwe, na chumvi iachwe.

Namba ya osileta iandikwe kwa rangi ubavuni mwa kila BUC na kila LNB, iliyo kazini na iliyo kabatini, na tena kwenye daftari la kituo. Manunuzi yataje namba hiyo. Tangazo la zabuni lisiishie kwenye neno «bendi ya C».

LNB za bei rahisi zinazoyumba hadi kilohezi 500 zisinunuliwe kwa vituo vyenye mkondo mwembamba, kwa kuwa joto la mchana pekee linatosha kuusukuma mkondo nje ya dirisha la modemu.

Akiba ikae Kasongo na Kabambare, isikae Kindu wala Kinshasa. Nimekwisha kulisema, nalirudia kwa sababu kila mpango mpya wa kugawa vipuri huanza kwa kuvikusanya mjini.

Foni, yaani redio za masafa mafupi, zisiuzwe. Foni ya parokia na ya eneo la afya haina setilaiti, haina BUC, na betri ya gari inaitosha. Hiyo ndiyo akiba ya kweli tuliyonayo, kwa sababu haishirikiani na setilaiti kwa lolote, alimradi waya wake wa antena ufungwe mlingoti mwingine na betri yake isichajiwe na inveta ileile muda wote. Kila kituo kiipige angalau mara moja kwa wiki, hata kama intaneti inakwenda vizuri, na jina la aliyejibu liandikwe.

Mwisho, fomu ya ripoti ya hitilafu iongezewe mstari mmoja: ni nini kingine kilikufa saa hiyohiyo? Ripoti nilizonazo kabatini zinataja BUC ya kwanza kwenye ukurasa wake na ya pili kwenye ukurasa wake, kwa tarehe moja, kama vile ni ajali mbili.