Moyo Hutibiwa Bila Kupasua Kifua
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Industrial Area, Nairobi

  Wengine mmetembea kutoka Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, wengine mmetoka mashambani na matatu ya alfajiri. 

Kwa nini leo tuzungumze juu ya moyo? Kwa sababu tunaitwa kwenye harambee za wagonjwa wa moyo, tunatoa, na mara nyingi hatujui pesa zetu zinaenda kununua nini. Tena tukisikia neno moyo tunadhani ni lazima kifua kipasuliwe. Mgonjwa anaogopa, anabaki nyumbani mpaka miguu inavimba. Basi hebu tuelezane.

Hapa karibu, kwenye Barabara ya Dunga, iko Hospitali ya Mater, iliyofunguliwa na Masista wa Huruma mwaka wa 1962. Mwaka wa 1994 zilianza mbio za Mater Heart Run, watu wakachanga ili watoto wa jamaa maskini watibiwe moyo. Hiyo nayo ni harambee, sivyo? Katika kitengo cha moyo cha hospitali hiyo kuna maabara ya katheta.

Msifikirie maabara ya kupima malaria. Ni chumba chenye kitanda chembamba, mashine kubwa ya eksirei, na skrini ambapo daktari anaona moyo ukidunda. Mgonjwa anachomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena. Kisha mrija mwembamba, ndiyo katheta, unapitishwa ndani ya mshipa wa damu polepole mpaka moyoni. Dawa ya rangi inapitishwa humo ili mishipa ionekane. Mtu mzima kwa kawaida huwa macho. Watoto wengi hulazwa usingizi.

Jambo hili si la jana. Mwaka wa 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija kutoka mkononi mpaka moyoni mwake, akatembea hadi chumba cha eksirei apigwe picha. Mwaka wa 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wengine wawili.

Mrija huo unafanya kazi gani? Kwanza, kupima. Pili, kufungua mshipa wa moyo ulioziba: kijiputo kinajazwa ndani yake, halafu kijiwavu cha chuma kiitwacho stenti kinaachwa hapo kushikilia njia. Andreas Grüntzig alianza kazi ya puto kwenye mishipa ya moyo huko Zurich mwaka wa 1977. Tatu, kupanua valvu, yaani mlango wa moyo, uliobana. Nne, kuziba baadhi ya matundu ambayo mtoto huzaliwa nayo. Lakini tuseme ukweli: si kila tundu wala kila valvu hutibika hivi. Wengine bado wanahitaji upasuaji wa kifua.

Jamani, valvu nyingi zinazobana huku kwetu zinaanzia kooni! Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo, hatibiwi, anapata homa ya baridi yabisi, viungo vinavimba, na moyo unaharibika kidogo kidogo. Miaka inapita. Siku moja msichana yule ni mama mjamzito, na hawezi kupanda kilima bila kuhema. Koo lingetibiwa mapema kwa penisilini, huenda tusingefika huko. Na mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Asikose hata akionekana mzima.

Sasa, kabla kikundi hakijaitisha mchango, wawili wenu waende na jamaa ya mgonjwa wakaulize:

1. Mrija huu ni wa kupima tu, au ni wa kutibu pia? Matibabu yakihitajika, yatafanywa siku hiyo hiyo?
2. Gharama zote ni ngapi, pamoja na stenti, kitanda na dawa? SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani?
3. Kuna hatari gani kwa mgonjwa huyu? Damu inaweza kuvuja, na ile rangi inaweza kudhuru figo. Mgonjwa aseme kama ana ujauzito, kisukari, figo mbovu au mzio wa dawa.
4. Baadaye atameza dawa gani, na kwa muda gani?

Swali la nne msilisahau. Mwenye stenti hupewa vidonge vya kuzuia damu kuganda. Akiviacha bila ruhusa ya daktari kwa sababu pesa zimekwisha, stenti inaweza kuziba na akafa. Kuchangia stenti bila vidonge ni kujenga nyumba bila paa. Wekeni akiba ya dawa kando kabla hamjamaliza hesabu.

Na mtu akibanwa na maumivu mazito kifuani, anatoka jasho, anakosa pumzi, msingoje mkutano. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, mchango utafuata nyuma.

Mkirudi vikundini jadilianeni: Ni watoto gani kwetu wanaumwa koo mara kwa mara? Nani atawapeleka dispensari? Je, tuna mfuko wa dharura, au tunangoja mtu aanguke kwanza?

 Sasa tusikie maswali yenu.